Roadster ya kufunua paa au IST/Fit? Nina milioni 28 na nataka gari moja tu

Kijana wa Goba

Wakuu, habari za jukwaa.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina milioni 28 za gari, si mkopo, ni akiba. Naishi Goba, kazini kwangu Posta, kazini kwa mke Mwenge, mtoto mmoja anaanza chekechea Januari. Hadi sasa tunatumia gari la ofisi ya mke, nalo linarudi kwa wenyewe mwisho wa mwaka.

Kichwa kinasema chukua Toyota IST au Honda Fit, baki na chenji, maisha yaende. Moyo unasema Mazda Roadster, ile ambayo huko nje wanaiita MX-5, ya mwaka 2006 au 2007, gia za mkono, paa linafunguka. Naichungulia usiku kwenye mitandao ya magari ya Japani mpaka mke ameanza kuuliza huyo ninayechati naye ni nani.

Naomba kujua kodi yake, spea zake, itapitaje kwenye barabara zetu za mtaani, na kama kuna mtu humu anaishi na gari ya watu wawili kama gari yake pekee.

Wale wa "nunua kiwanja kwanza", kiwanja ninacho. Naomba kuwasilisha.

Njugu Mawe

Ngoja waje wenye magari. Sisi wa daladala tunasoma tu.

Chogo la Gerezani

IST. Funga uzi.

Mzee wa Klachi

Chogo, usimfungie mtu uzi kabla hajapewa hesabu.

Mleta uzi, tuanze na kodi, maana hapo ndipo ndoto nyingi zinapofia. Gari iliyozidi miaka 10 tangu kutengenezwa inalipa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini (chini ya cc 1000 hakuna, hadi cc 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10) na VAT asilimia 18. Na zinapandana: ya pili inapigwa juu ya jumla ya ya kwanza.

Chukua gari ambayo TRA (mamlaka ya mapato) wanaithamini milioni 10, injini cc 2000 kamili au pungufu, imezidi miaka 10. Ushuru wa forodha 2,500,000. Sasa una 12,500,000. Asilimia 5 ya injini ni 625,000, uchakavu 3,750,000. Unafika 16,875,000. VAT yake 3,037,500. Jumla ya kodi 9,912,500. Bado tozo ndogo ndogo kama ile ya reli, bado bandari na wakala, bado namba.

Yaani gari kuukuu unainunua mara mbili: mara moja kwa Mjapani, mara ya pili kwa serikali. IST ni hivyo hivyo kwa asilimia, tofauti ni thamani ya kuanzia. Na TRA hawatumii bei uliyonunulia wewe, wanatumia thamani iliyoko kwenye mfumo wao. Kikokotoo chao kiko wazi mtandaoni, weka modeli, mwaka, nchi na ukubwa wa injini uone mwenyewe kabla hujatuma hata dola moja.

Kwa milioni 28, Roadster ya 2006 inaingia kwa kubanana. Ikiingia hubaki na hela ya tairi.

Kijana wa Goba

Asante mzee. Hii ya kodi kulingana na thamani ya kuanzia ndiyo nilikuwa nimeidharau. Kwa hiyo IST ya thamani ya milioni 6 inakuja kama milioni 12 na ushee kabla ya bandari?

Mzee wa Klachi

Hapo hapo.

Mama Wawili

Jamani mimi naomba niulize swali la darasa la kwanza. Baba, mama, mtoto. Viti viwili. Anayebaki ni nani?

Na hata mkipeana zamu, mtoto wa chekechea anakaa mbele penye mfuko wa hewa (airbag). Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu ukilipuka unampiga kichwani. Kwenye gari zenye siti ya nyuma humuwazii hilo. Kwenye hiyo Roadster hakuna "nyuma".

Kaka yangu, hii si mada ya spea.

Njugu Mawe

Mada imeisha posti ya saba. Rekodi.

Kijana wa Goba

Dada Mama Wawili, nimekusoma. Wazo lilikuwa mimi nimpeleke mtoto shule, mke ana usafiri wa staff kutoka Tegeta. Jumapili ndiyo kasheshe. Ila nakiri hoja yako ina uzito kuliko ya kodi.

Chogo la Gerezani

Nilisema IST sikuwa natania. Niko kwenye spea, ngoja niwaambie ninachokiona dukani.

Injini ya 1NZ iko kwenye IST, Vitz, Probox, Raum, Spacio, Porte, Sienta, na Allion na Premio za cc 1500. Mtu akiingia na pampu ya maji ya 1NZ mkononi, sihitaji kumuuliza gari gani. Plagi, koili, sensa ya oksijeni, mountingi, kila kitu kipo: orijino, kopi, na used iliyotolewa kwenye nusu-gari (gari lililokatwa kwa ajili ya spea). Fundi wa chini ya mwembe anaifungua amefumba macho. Ndiyo maana ukiuza IST leo asubuhi, mchana mtu ameshakuja na hela.

Roadster ikija na taa ya mbele imevunjwa na bodaboda, nitakuomba namba ya simu na nitakupigia. Lini, sijui.

Mzee wa Klachi

Chogo yuko sahihi nusu.

Roadster ya kizazi cha tatu, ile ya kuanzia 2005 hadi 2015, ina injini ya LF-VE cc 2000. Ndugu zake wako kwenye Mazda nyingine: Axela, Atenza na Premacy za cc 2000. Kwa hiyo filta, plagi, na vipuri vingi vya ndani ya injini vinapatikana. Miguu yake (mfumo wa springi na shokapu) imetokana na ile ya Mazda RX-8, na hiyo nayo si gari ngeni kabisa Dar.

Mahali inapokuumiza ni bodi. Mlango, bampa, taa, kioo cha pembeni, mipira ya paa, paa lenyewe. Hivyo havina ndugu. Na kwa mji wetu, vitu vinavyovunjika kwanza ni hivyo hivyo, si injini. Mwenye IST akichomolewa kioo cha pembeni na vibaka usiku, kesho yake kabla ya saa nne ana kingine (wengine wanakutana na cha kwao wenyewe dukani, lakini hiyo mada nyingine). Mwenye Roadster anasubiri mzigo kutoka Japani, na gari inatembea na sikio moja.

Sasa niseme na upande wa pili, maana humu watu wanaisema gari hii kama kichezeo cha wajinga. Ilitoka 1989, ikazinduliwa kwenye maonyesho ya Chicago, na kwao Japani ikauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Aprili 2016 walitoa ya milioni moja. Ni gari ya michezo ya viti viwili iliyouzwa kuliko zote duniani, imo kwenye vitabu vya Guinness. Siri yake si nguvu, ni wepesi. Ile ya kwanza ilikuwa chini ya tani moja. Inasukuma kwa matairi ya nyuma, gia fupi inaingia kwa kiganja tu, uzito umegawanyika karibu sawa mbele na nyuma. Ndiyo maana inafurahisha ukiwa mwendo wa hamsini, wakati gari nyingi za nguvu zinaanza kusisimua mwendo ambao trafiki mwenye tochi ameshakupiga picha.

Nimewahi kupandisha nayo Mombo kwenda Soni hadi Lushoto, ya rafiki. Kilometa thelathini na kidogo za kona, mlima huku, korongo huku, hewa inapoa kila ukipanda. Sijawahi kucheka peke yangu ndani ya IST.

Chogo la Gerezani

Lakini umewahi kubeba saruji ndani ya IST.

Mzee wa Klachi

Hahaha. Mifuko mitano.

Msafiri wa Limuru

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Naandika kutoka upande wa Kenya.

Nyinyi mna bahati ya kuweza kulipa uchakavu na gari ikaingia. Huku kwetu gari ikizidi miaka minane haishuki bandarini kabisa, hata ulie. Kwa hiyo hiyo Roadster ya 2006 huwezi kuagiza, labda ununue iliyoingia zamani, na wenye nazo wanajua hilo, bei ndiyo hiyo. Ya kuagiza kwetu ni kizazi cha nne, kile kilichoanza 2015, na kwa Japani ile ya paa la turubai ina injini ya cc 1500 tu.

Kwa hali ya hewa nafikiri Nairobi tumewapiku. Mji uko karibu mita 1,800 juu, asubuhi kuna baridi kidogo, mchana jua haliunguzi kama la pwani. Unaweza kufungua paa saa sita mchana mwezi wa saba ukavaa sweta. Dar saa sita na paa wazi si utapikwa?

Ubaya wa juu huku ni kwamba injini isiyo na turbo inapoteza pumzi. Kila mita 1,000 unapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu. Gari iliyoandikwa farasi 130 huku juu inakuwa kama 107 hivi. Nyinyi wa pwani mnapata farasi wote mliolipia.

Njugu Mawe

Farasi wote tunao lakini wamesimama foleni ya Mwenge.

Binti Makorora

Salamu kutoka Tanga. Mimi naishi na gari ya kufunua paa, ya watu wawili, ni gari yangu pekee, kwa hiyo naona mleta uzi ameniita.

Yangu ni Daihatsu Copen, ya kwanza, zile za 2002 hadi 2012. Injini cc 659, mitungi minne, turbo. Mzee wa Klachi ameeleza ushuru wa injini: chini ya cc 1000 ile asilimia 5 haipo kabisa. Thamani yake TRA nayo ni ya chini kuliko Roadster. Paa ni la bati, si turubai, unabonyeza kitufe linajikunja lenyewe kwenye buti. Nikipita Ngamiani watoto wanakimbia nyuma.

Nawaeleza ukweli wa kuishi nayo. Paa likiwa wazi, buti haipo. Haipo, sijasema ndogo. Hata mkoba wa mgongoni unakaa kwenye miguu ya abiria. Nikienda sokoni paa linafungwa, nikitoka sokoni ndipo nafikiria. Ukiwa mrefu kuliko futi sita, sahau. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilometa laki moja, na gari nyingi za mnada zinakuja karibu na hapo, kwa hiyo hesabu hiyo hela siku ya kwanza. Taimingi, tensiona na pampu ya maji kwa pamoja.

Jua: nafungua kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Kati ya hapo nafunga, AC inafanya kazi kama gari nyingine. Hiyo ya jioni, mwendo wa arobaini, kutoka Raskazone upepo wa bahari unakuja... siiuzi.

Ila mimi sina mtoto. Mama Wawili amemaliza kesi. Kama ningekuwa na mtoto ningekuwa na Fit.

Mama Wawili

Asante mdogo wangu. Na hiyo Copen nimeipenda, usimwambie mume wangu.

Mbongo Leeds

Niongezee kitu kuhusu paa, maana huku Uingereza MX-5 ziko kila mtaa na mafundi wake wamejaa.

Roadster ya turubai ina mifereji ya maji nyuma ya viti. Mvua ikinyesha juu ya paa, maji yanateremka kwenye mifereji hiyo na kutokea chini ya gari. Majani na vumbi vikiziba, maji yanaingia ndani ya kingo za chini ya mlango na yanaozesha bati kutoka ndani kwenda nje. Kwa macho gari inang'aa, chini imekwisha. Huku tunalaumu chumvi ya barabarani wakati wa baridi, lakini mifereji iliyoziba inachangia sana.

Sasa fikiria Dar: gari imelala chini ya mwarobaini, vumbi la Goba, kisha masika. Kuzibua ni kazi ya dakika chache, kwa waya laini wa plastiki usiotoboa mpira. Lakini lazima mtu ajue ipo. Wengi hawajui.

Ukikagua yoyote, mwaga maji kidogo kidogo kwenye kona ya paa nyuma ya kioo, chungulia chini kama yanatoka pande zote mbili. Nyanyua zulia nyuma ya viti, gusa kwa mkono. Na zile za kwanza kabisa zina kioo cha nyuma cha plastiki, kinageuka njano. Kuanzia kizazi cha pili, 1998, ni kioo halisi.

Kuna pia ile ya paa gumu la umeme, ilianza 2006. Inafunguka kwa sekunde 12 na nafasi ya buti haipungui paa likiwa ndani, tofauti na Copen ya dada hapo juu. Buti yenyewe lita 150 tu, lakini ni zako wakati wote. Kwa jua la Dar na kwa vibaka wenye wembe ningechukua hiyo, si turubai.

Mzee wa Klachi

Leeds umeleta kitu. Hilo la wembe nilisahau. Turubai Kariakoo ni mwaliko.

Fundi Mikrofoni

Habari wakuu. Hakuna aliyezungumzia tumbo la gari. Hizi gari ziko kama sentimeta 14 kutoka chini, na hapo bado hujakaa. Goba ya lami sawa, lakini ukitoka lami kwenda kwako kuna nini? Nimezoea Madale na Goba, baadhi ya njia za mtaani mvua ikipita zinabaki mawe yamechomoza na mtaro katikati. Halafu matuta. Kuna matuta ya watu wa mtaa yaliyojengwa kwa hasira, si kwa vipimo.

IST na Fit nazo si Land Cruiser, lakini zinapita. Watu wanaweka spesa au springi za juu kidogo kwenye IST maisha yanaendelea. Roadster ukiinyanyua umeiharibu, umenunua ya nini sasa?

Fit nayo niitendee haki. Tangi la mafuta liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti ya nyuma inakunjwa mara mbili: ukilaza mgongo unapata sakafu tambarare, ukinyanyua kikalio unasimamisha kitu kirefu, baiskeli ya mtoto au mche kwenye ndoo. Hakuna gari ndogo inayobeba kama hiyo. Ila giaboksi yake ya CVT inataka mafuta yake yenyewe, si ATF, yale ya kawaida ya giaboksi za automatiki yanayouzwa kila kona. Ukiona fundi anakuambia "yote sawa tu", washa gari uondoke.

Kijana wa Goba

Kutoka lami hadi getini kwangu ni kama mita 600, na zote ni kama ulivyoeleza. Kuna sehemu ya jiwe moja ambalo jirani zangu wote wanalijua kwa jina.

Naona Roadster inaanza kuondoka. Lakini wakuu, niseme kitu. IST nimeiendesha ya shemeji kwa muda mrefu. Ni gari nzuri. Nikishuka sikumbuki kama nilikuwa naendesha. Mnaelewa?

Chogo la Gerezani

Ndiyo kazi ya gari hiyo mkuu. Ufike.

Dereva wa Kitonga

Mimi napinga kundi zima. Kila mtu anamwambia "chukua ya familia sasa, ya starehe utanunua baadaye". Baadaye ipi? Mtoto wa kwanza anaanza shule, anakuja wa pili, ada, nyumba inataka tofali, mzee kijijini anaumwa. Ile gari ya pili haiji. Nina umri wa miaka 52, nawaambia haikuja.

Kodi ya Roadster ukishailipa umeilipa, na hizi gari haziporomoki bei kama nyingine kwa sababu wanaozitaka ni wachache ila wanazitaka kweli. Hata bima ndogo ni ile ile 118,000 kwa mwaka, haikuulizi una viti vingapi. Na ile leseni ya barabara ya kila mwaka ilishafutwa tangu 2017, ikahamia kwenye mafuta. Kwa hiyo gari ikisimama uani haikudai.

Mke ana usafiri wa staff. Jumapili mpande bajaji.

Mama Wawili

Kaka Dereva, Jumapili mpande bajaji wakati milioni 28 imelala uani inaoga jua?

Dereva wa Kitonga

Ndiyo. Na siku moja moja mtoto mpelekeni kwa bibi, nyinyi wawili mfungue paa mwende Bagamoyo mle samaki. Ndoa nazo zinahitaji sevisi.

Njugu Mawe

Hapa sasa tunaanza kuelewana.

Mzee wa Klachi

Dereva, hoja yako haina jibu jepesi na sitalazimisha jibu. Lakini unamshauri mtu ambaye hii ndiyo gari pekee nyumbani. Mtoto akipandwa na homa saa nane usiku, wazazi wawili wanataka kwenda naye hospitali. Hapo ndipo viti viwili vinakuwa tatizo. Kama kungekuwa na gari nyingine uani, hata Passo ya cc 996, ningekuwa upande wako.

Turudi kwa Kijana. Nimeisoma sentensi yako ile ya "sikumbuki kama nilikuwa naendesha" mara mbili. Unachokitaka wewe, nadhani, si paa. Unataka kuendesha. Hivyo ni vitu viwili. Kama ni paa, sikiliza Binti wa Tanga au tafuta ya viti vinne ya kufunua, Mini au Peugeot 207CC, ukubaliane na siti ya nyuma ya mateso na spea za Ulaya. Siipendekezi kwa bajeti yako.

Kama ni kuendesha, kuna gari watu wanaipita kwenye mitandao bila kuiona: Vitz RS ya 2005 hadi 2010, chesisi inaanzia NCP91, gia tano za mkono. Angalia Chogo atakavyocheka: injini yake ni 1NZ. Ile ile ya IST. Milango mitano, siti ya nyuma ya kweli, springi na shokapu ngumu kuliko Vitz ya kawaida, na breki za diski hadi nyuma. Haina nguvu za kutisha, kama farasi 110. Lakini ni nyepesi, na mguu wa kushoto unapata kazi.

Ukitaka nguvu zaidi kuna Suzuki Swift Sport, ile ya ZC31S yenye cc 1600 na farasi 125. Tamu kuliko Vitz, nasema bila kupepesa. Spea zake si kila duka.

Chogo la Gerezani

Sicheki mzee. Vitz RS nawauzia watu kila kitu isipokuwa seti ya klachi, hiyo nayo agizo la siku chache tu. Umenishinda kwa silaha yangu mwenyewe.

Fundi Mikrofoni

RS ina bampa lenye mdomo chini. Hilo jiwe la mita 600 litalichukua mwezi wa kwanza. Mdomo unafunguliwa, ni skrubu na klipu, uweke stoo.

Kijana wa Goba

Mzee, umenisoma. Nimeingia kwenye kikokotoo, thamani yake ni ya chini kuliko nilivyotegemea, nabaki na hela ya kutosha ya tairi, taimingi...

Mzee wa Klachi

1NZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Hela hiyo nunulia betri na uweke iliyobaki.

Kijana wa Goba

Sawa sawa. Swali moja limebaki, mke anaendesha automatiki tu. Au ndivyo nilivyodhani.

Mama Wawili

Ulimuuliza?

Kijana wa Goba

Nimemuuliza leo wakati wa chakula. Ameniangalia kwa muda. Kumbe alijifunzia kwenye pikapu ya baba yake Mafinga, gia za mkono, barabara ya mbao, mvua. Anasema yeye ndiye anayeniogopea mimi kwenye mlima wa Goba na klachi. Pia ameniambia kwamba Roadster kama ningeileta angeichukua yeye, mimi nipande staff.

Dereva wa Kitonga

Huyo mke mnunulie Roadster.

Mbongo Leeds

Ukiagiza RS hakikisha karatasi ya mnada (ripoti ya hali ya gari) inasomwa na mtu anayejua Kijapani, si zile alama za juu tu. RS nyingi zilipitia mikono ya vijana wa mbio za mtaani na mashindano madogo. Tafuta maandishi kuhusu nguzo za mbele na sehemu ya tairi la akiba. Ikiwa iliwahi kunyooshwa, imeandikwa. Na omba picha ya chini ya gari, hasa ikitoka mikoa ya kaskazini mwa Japani kwenye theluji. Chumvi ya huko ni ile ile ya huku kwetu.

Mzee wa Klachi

Na zilizobadilishwa springi zikashushwa chini, ruka. Utalipia mara mbili kuzirudisha.

Kijana wa Goba

Nimeweka malipo ya awali kwenye moja ya 2008, ya fedha, daraja la 4, haijaguswa springi. Ikishuka bandarini nitaleta picha na mrejesho wa gharama zote kwa mchanganuo, maana humu watu wanapenda kuahidi mrejesho kisha wanapotea.

Binti Makorora, tukija Tanga utatupa mwonjo wa Copen?

Binti Makorora

Karibuni sana, wote watatu. Ila mtapanda mmoja mmoja.

Njugu Mawe

Mke aanze.